Vibanda vya kuku visogezwe kila siku

Kwa Mhariri,

Wafugaji wengi wa kuku wa nyama hapa Nakuru husubiri nyasi ziungue ndipo wasogeze kibanda kisicho na sakafu. Hapo wamechelewa. Samadi ya kuku ina naitrojeni kali. Usiku wa pili palepale, ardhi hunata, gesi ya amonia huwasha macho na ngozi ya kifuani hubabuka, kisha mnunuzi anakataa. Kibanda cha mita 3 kwa 3.6 chenye kuku 70 kivutwe kila asubuhi kabla ya chakula: wakiwa na njaa hufuata wenyewe. Wiki ya mwisho kabla ya kuchinja, mara mbili kwa siku. Kwenye mteremko, kivutwe kwa kuukata, yaani upande hadi upande, si kupanda wala kushuka, na mbali na kisima. Dania ya kuliwa mbichi ipandwe hapo, lakini ivunwe baada ya siku 120 tangu kuku waondoke hapo.

Mfugaji,
Njoro