Muuzaji, tuambie samaki huyu akikomaa atakuwa mkubwa kiasi gani

Mhariri,

Tupe nafasi tuseme na wanaofuga samaki wa mapambo hapa Malindi, na zaidi na wanaowauzia.

Tangi la sebuleni kwa kawaida huwa la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Kwa hesabu hizo ni lita 54. Ukitoa changarawe, mawe na ile nafasi ya juu isiyojazwa, maji yanabaki kama lita 45. Humo mnunuzi hutia kila samaki aliyempendeza dukani, na wiki chache baadaye anabaki na mmoja mnene na wengine waliochanika mikia. Husema amepata samaki wakorofi. Sisi tunasema ugomvi huo ulianzia dukani, pale ambapo hakuna aliyemwambia kwamba kitoto kile cha sentimita 3 kitakua, na kikikua kitadai eneo lake.

Mfano mbaya zaidi ni mbuna, wale wa manjano na buluu wa Ziwa Malawi. Dume akikomaa hufika sentimita 10 hadi 12, hujichagulia jiwe, na yeyote anayekatiza mbele ya jiwe hilo hufukuzwa. Ziwani, aliyefukuzwa husogea mita mbili tu akawa salama. Tangini mita mbili hazipo. Anagonga kioo, anarudi, anafukuzwa tena, mchana kutwa. Mara nyingi hata majeraha si makubwa. Kinachomuua ni kuchoka na kukosa chakula. Mbuna wanataka tangi la urefu wa sentimita 120 au zaidi, lita 200 kwenda juu, mawe mengi, na wafugwe wengi pamoja ili ukali wa dume usimwangukie mmoja. Katika lita 45 hakuna mpangilio wa mawe utakaowaokoa.

Beta, samaki mdogo wa mapezi marefu, ni rahisi kueleza: dume mmoja, tangi moja. Madume wawili watapigana hadi mmoja aumie vibaya au afe. Usimweke na gapi wenye mikia mirefu, maana huwadhania beta wenzake. Ukimwona ametanua mapezi mbele ya kioo saa nzima, anapigana na kivuli chake mwenyewe. Punguza taa ya tangi. Samaki malaika naye hufika sentimita 15 na humeza tetra wadogo, si kwa ukali bali kwa sababu wanaenea mdomoni. Oska hufika sentimita 30, kwa hiyo hapa hatumjadili.

Basi nani anafaa? Tuanze na maji. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa, yale ambayo sabuni haitoi povu upesi. Gapi na moli wanayapenda maji hayo, na hata kisima kikiwa na chumvi kidogo hawadhuriki. Weka gapi dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Madume wakizidi, jike hafuatwi na mmoja bali na kundi, hapumziki, na hufa akiwa na mimba. Asiyetaka vitoto kila mwezi aweke madume watupu, sita au wanane. Anayetaka kitu cha pekee atafute wale siklidi wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Walio wadogo zaidi hawazidi sentimita 5, wanapenda maji ya chokaa, na eneo lao ni la upana wa kiganja tu. Wape magamba mengi kuliko idadi yao. Samaki wa dhahabu hatumshauri: anapenda maji ya nyuzi 18 hadi 22, na yetu wakati wa kaskazi hufika 30, ambapo hewa iliyoyeyuka majini hupungua na kila samaki huwa na hasira zaidi.

Kabla ya kulaumu ugomvi, tazama pezi. Lililoumwa lina pengo lenye kingo safi, kama karatasi iliyokatwa kwa meno. Lililooza lina kingo nyeupe zenye nyuzinyuzi, na hilo ni tatizo la maji. Katika maji ya chokaa yenye joto amonia, ile itokayo kwenye uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, huwa sumu kali zaidi, kwa hiyo tangi jipya lifanye kazi na chujio lake wiki nne hadi sita, ukitia chembe za chakula kidogo kidogo ili bakteria wanaoimaliza amonia wakue, kabla ya kuweka samaki. Maji ya mfereji yenye klorini yakae kwenye ndoo wazi siku nzima.

Ikiwa kweli wanapigana, kosa tunaloliona sana ni kumtoa aliyeumizwa. Akirudi atakuta hali ileile. Mtoe mchokozi. Mtie kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu, kielee ndani ya tangi hilohilo kwa siku tatu hadi saba. Wakati huo hamisha mawe yote, ili akirudi asilikute eneo lake. Mrudishe jioni, wenzake wakiwa wameshiba na taa imezimwa. Katiza macho pia: vigae vya chungu na vifuu vya nazi vilivyochemshwa mara kadhaa, hadi maji yasitoke rangi, vinatosha kumficha anayefukuzwa. Msiende kubeba matumbawe wala makombe kutoka Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyolindwa tangu 1968. Chakula kitupwe pande zote mbili za tangi kwa wakati mmoja, kidogo, kimalizike kwa dakika mbili. Aliyechanika hahitaji dawa kwanza. Badilisha robo ya maji kila siku kwa wiki moja.

Ndugu wauzaji, tunawaomba jambo dogo. Kwenye kioo cha kila tangi dukani bandikeni karatasi yenye mambo matatu: urefu wa samaki akikomaa, lita anazohitaji, na nani asiwekwe naye. Mteja akisema tangi lake ni la lita 54 na anataka mbuna wanne, mwambieni hapana, kisha mwonyesheni gapi.

Wafugaji wa samaki wa mapambo,
Malindi