Kaka, goti si sababu

Kaka,

Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza. Basi nakuandikia hapa, kuhusu mafuta kwenye ini lako na hilo goti unalolifanya sababu ya kukwepa mazoezi.

Ile arobaini ya Baba sijaisahau. Pilau imeshapakuliwa, shangazi kakusogezea soda ya pili, nami nikasema, "Kaka, daktari si alikukataza?" Ukasukuma sahani. "Mnamsikia? Ananiita mlevi mbele ya wazee!" Watu wakacheka. Mimi nilitaja soda. Ulevi uliuleta wewe, ukaniachia mzigo: mpaka leo, kila shughuli nikienda, kuna mtu ananiuliza kwa nini nilimtangaza kaka yangu.

Pombe hujawahi kuonja, nani asiyejua? Lakini mafuta kwenye ini humpata hata asiyekunywa. Huja na kitambi, na sukari, na kukaa dukani tangu asubuhi mpaka usiku. Madaktari waliubadilisha jina ugonjwa huu mwaka 2023, na jina jipya halitaji pombe kwa wagonjwa kama wewe. Aibu unayoikimbia wenzio wameshaifuta.

Sasa goti. Najua linauma, mimi ndiye niliyekukanda ulipoanguka na pikipiki. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, hupunguza mafuta ya ini hata mzani ukigoma kushuka. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, insulini, ile homoni inayoshusha sukari, ikasikika vizuri mwilini, na ini likapunguza kutengeneza mafuta. Goti likikataa, kuna mazoezi ya nguvu: kunyanyua vyuma, kusukuma ukuta, kuinuka kitini kadiri goti linavyoruhusu. Nayo hupunguza mafuta hayo, na hayadai pumzi ya mkimbiaji. Yale ya kukimbia mbio fupi, ukapumzika, ukarudia, yanasaidia pia, ila wewe na presha yako muulize daktari kwanza.

Uzito nao una kazi yake, sikufichi. Mtu wa kilo 100 akipunguza 7 hadi 10, hata uvimbe unaoletwa na mafuta hayo ndani ya ini huweza kutulia. Ila ukiacha mazoezi, mafuta hurudi. Ndiyo maana ile klabu ya jogging ilinikera: ulinunua jezi, ukapiga picha, ukapotea. Ingawa jezi ilikupendeza, nisiseme uongo. Mama ameiweka ile picha sebuleni.

Wanasema nina kiherehere. Ningekaa kimya, siku ini likishika makovu ningeulizwa nilikuwa wapi. Baba alitukabidhi mmoja kwa mwenzake, na mimi sikuzaliwa kutazama.

Kwa Mama kuna madumu mawili ya lita tano, nyuma ya jiko. Yajaze maji uanze kuyanyanyua. Na wifi asinipigie tena usiku kunisuta. Akiwa na neno, aje alisemee mbele ya Mama.