Njia ikikatika Somanga, tuambiwe tukiwa Nangurukuru

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mama muuza samaki wa Kilwa Masoko, mzigo wangu huenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya kusini pale Somanga na Mikereng'ende, nilikwama foleni na matenga manne ya changu na kolekole. Asubuhi barafu ilikuwa ikidondoka matone meupe chini ya gari. Jioni matone yakawa mekundu. Nikawagawia abiria wa mabasi wawachome kabla hawajaharibika.

Njia ya kuzunguka ipo: Lindi, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Morogoro. Kwa samaki wabichi, hiyo si njia.

Ninaomba njia inapokatika au daraja linapofungwa, kibao na askari wawekwe Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, mahali ambapo mtu bado anaweza kugeuza akauze Kilwa au Lindi. Tusiambiwe tumeshafika kwenye maji. Na vyuma vya daraja la dharura vikae huku huku kusini kabla ya masika, pamoja na mafundi wanaojua kuvifunga.

Mama muuza samaki,
Kilwa Masoko