Wito wa Harambee: Tulizungushie Ukuta Timbo la Babu Zetu Kabla ya Masika

Kwa wazee wetu, ndugu zetu wa kijijini, na watoto wetu mlioko Mombasa, Nairobi na Ghuba,

Assalaam alaykum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Tunawaandikia kwa haya, kwa kuwa si muda mrefu tangu mlipotoa kwa ajili ya paa la darasa la nne, na paa hilo halijavuja hata tone hadi leo. Tulikusudia kuwapumzisha kidogo kabla ya kunyoosha mkono tena. Lakini masika yaliyopita mtoto wa darasa la tatu, akiwa njiani kuja shule, aliteleza ukingoni mwa timbo kongwe, yaani shimo lilipochimbwa mawe ya kujengea, lililo nyuma ya kijiji, akatumbukia majini pamoja na mkoba wake. Aliyemwona ni mkwezi aliyekuwa juu ya mnazi, akashuka mbio na kumtoa akiwa hai, Alhamdulillahi. Tangu siku hiyo, kila mvua inyeshapo usiku, watoto wa ng'ambo ya timbo hawafiki shuleni asubuhi, maana njia yao inapita ukingoni, na ukingo wenyewe umelika kwa chini. Kinga iliyopo ni kamba ya katani iliyofungwa vitambaa vyekundu, na sisi wa kamati tunaona aibu kuiita kinga.

Timbo hili halikuachwa na mgeni ambaye tungeweza kumdai arudi alifukie. Walilichonga babu zetu kwa sururu, tindo na mtaimbo, na jiwe lake ndilo lililojenga msikiti wa Ijumaa, madarasa mawili ya kwanza ya shule, na nyumba ambazo wengi wenu mlizaliwa ndani yake. Anayeona kwamba timbo halimhusu, tunamwomba autazame kwanza ukuta wa nyumba ya baba yake.

Jiwe hilo ni matumbawe ya bahari ya kale, wakati maji yalipokuwa juu kuliko yalivyo leo. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Ndilo walilojengea watu wa miji ya kale ya Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, na Mnarani, kule Kilifi, na ni mwamba wa namna hiyo hiyo walioutumia Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Kuta hizo zinatunzwa na kutembelewa, nasi tunajivunia, lakini mashimo yaliyotoa mawe ya pwani hii hayaangaliwi na mtu. Katika timbo letu, upande wa magharibi, alama za tindo zimepangana safu kwa safu hadi chini, kana kwamba wachongaji wameondoka jana. Kando yake pana mahali palipochomewa chokaa: vipande vya matumbawe vilipangwa kwa duara juu ya magogo, vikachomwa, kisha vikaachwa vinyeshewe hadi vikawa unga. Wazee waliofanya kazi hiyo wamebaki wachache mno, na hatutaki watoto wetu waijue kwa kusimuliwa tu huku ushahidi wake ukibomoka mbele ya macho yetu.

Wapo waliopendekeza tulijaze taka, yaishe. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao hata kidogo. Mwamba huu umejaa matundu, na maji yanayotuama timboni huteremka polepole hadi kwenye visima tunavyochotea. Taka tutakayoitupa humo leo tutainywa kesho kutwa.

Tunachotaka ni kujenga ukuta wa mawe upande wa njia, kuukata ukingo uliolika uwe ngazi imara, na kupanda mivinje upande wa mashariki, mbali na alama za tindo na tanuu la chokaa, ambavyo havitaguswa. Mvinje hatukuuchagua kwa kubahatisha. Pale Bamburi, Mombasa, ambako machimbo ya saruji yaliacha mwamba mtupu, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971, na mvinje ukastahimili mahali ambapo miti mingine mingi ilikufa. Majongoo wakala majani yake yaliyoanguka, udongo ukapatikana, na leo pale ni msitu.

Gharama yote ni shilingi 780,000: ukuta na lango 430,000, ukingo na ngazi 210,000, miche na mlinzi wa mwaka wa kwanza 140,000. Mafundi wa kijiji wamekubali nusu ya ujira wao, Mungu awazidishie. Kila mchango utaandikiwa risiti, na hesabu itabandikwa kwenye ubao wa shule na kusomwa baada ya swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili, hadi shilingi ya mwisho.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, baada ya Alasiri, chini ya mkwaju ulio mbele ya shule. Mlio mbali, tumeni michango yenu kwa mkono wa jamaa zenu, nao wataikabidhi kwa mweka hazina hadharani na majina yenu yasomwe. Mnaokuja, fikeni mapema kidogo, kwa sababu kabla ya kuanza, mzee mmoja aliyechonga mawe timboni humo tangu ujana wake atatutembeza ukingoni na kutuonyesha safu aliyoichonga yeye.