Ng'ambo ya feri

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Salamu sana wewe na mkwe wangu, na hao wajukuu wawili ambao nikipiga simu nasikia kelele zao kuliko sauti yako. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua, ila mdomo mzima. Kibanda bado nakifungua kila siku, ingawa bodaboda zimeninyang'anya nusu ya wateja. Wanaoniletea baiskeli siku hizi ni wazee wenzangu na watoto wa shule.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa hunipi nafasi ya kumaliza, kwa hiyo nimeona niandike, kijana wa jirani aipige picha karatasi hii akutumie. Unasema mwenzako wa kazini amewapeleka wanawe Dubai, na mwanao amekuuliza sisi tunakwenda lini. Unasema mshahara wa duka la dawa haufiki popote, lakini umepata watu wa kukukopesha milioni 3 siku hiyohiyo ili mwende Desemba, dhamana friji na televisheni, marejesho kila Ijumaa. Halafu ukamalizia: "Mbona wewe baba ulitupeleka nje ya nchi, wakati ule ulipokuwa na hela?"

Mwanangu, ni lini mimi nilikuwa na hela?

Nimemsomea mama yako sentensi hiyo, amecheka mpaka akashika goti. Basi leo nikueleze safari ile ilivyokuwa, maana naona ulichobaki nacho kichwani ni bahari na viazi karai tu.

Ilikuwa Juni 2006. Wewe ulikuwa na miaka 9, kaka yako 12, mdogo wenu 5. Pancha moja nilikuwa naziba kwa shilingi 200. Tulianza kuweka baada ya Idd ya mwaka 2004, kwa kanuni moja: kila pancha ya kumi si yangu. Hela yake inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko. Kopo lenyewe nililizungushia waya wa spoku nikausokota kwa koleo, ili siku nikishikwa na tamaa nihangaike kwanza na koleo. Nilishikwa na tamaa mara mbili. Mara ya kwanza waya ulinichoma kidole nikaacha. Mara ya pili kaka yako alikuwa na malaria, nikafungua, na sijutii.

Mama yako naye alikuwa na mchezo wake, wanawake kumi wa mtaani, 500 kila siku, kila baada ya siku kumi anapokea mmoja. Ndiyo 50,000. Akambembeleza jirani wabadilishane zamu ili yake iangukie wiki ya kwanza ya Juni. Miezi 19, mwanangu, hadi tukapanda basi. Wewe unakumbuka siku tano.

Kwa nini Mombasa? Jibu rahisi ni kwamba ndiyo nje ya nchi iliyo karibu, na shangazi yako alikuwa ameolewa Likoni, kwa hiyo malazi bure. Lakini kuna jingine sijawahi kukwambia. Mwaka 1977 jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka ulifungwa. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa upande wa pili, kwa Wadigo wenzetu wa Kwale, na kabla ya hapo tulikuwa tukimwendea kama unavyokwenda Pangani. Mpaka ulikuja kufunguliwa 1983. Bibi hakuingoja 1983. Msiba wake tuliukalia hapahapa Ngamiani, watu wanakuja kutupa pole na kaburi hatulijui liko wapi. Wapo waliopita njia za panya, lakini baba yangu alikuwa mwoga wa serikali. Basi na mimi nilikuwa na hamu ya kuwavusha pale mlango ukiwa wazi, niwaone mkivuka kwa miguu yenu.

Barabara ya Horohoro wakati ule haikuwa na lami. Masika yalikuwa ndiyo kwanza yameondoka, na zile kilomita 65 hivi basi lilikwenda kama ng'ombe mgonjwa. Nauli tulilipa ya watu wanne, mdogo wenu wa kupakatwa. Kondakta alimtazama, akaiona miguu imefika sakafuni, akaniuliza, "Mzee, huyu naye wa kupakatwa?" Nikamwambia ana miaka mitatu, kwao ni warefu. Wewe ukataka kunisahihisha, mama yako akakutia chungwa mdomoni. Mungu anisamehe.

Mpakani nilipata somo la bei ghali. Vijana wa kubadilisha fedha walitukimbilia hata hatujashuka. Shilingi moja yao ilikuwa kama 17 zetu. Kijana akahesabu mbele ya macho yangu, haraka haraka, noti juu ya noti, nikazitia mfukoni. Tulipokwisha gongewa mihuri nikazihesabu tena: pungufu shilingi 400 za Kenya. Noti mbili zilikuwa zimekunjwa katikati, na kila moja imehesabiwa kichwa na mkia. Mimi fundi, mtu ninayeona tundu la sindano kwenye tyubu, sikuona noti iliyokunjwa. Nilirudi kumtafuta, kila kijana pale akawa na shati la rangi nyingine.

Kwenye matatu ya kwenda Likoni kondakta akapiga kelele "Msambweni! Msambweni wa kushuka!" Kaka yako akaanza kulia, akidhani tumezungushwa tumerudi Tanga. Ikabidi nimweleze kwamba Msambweni ziko mbili. Na wewe, ulipowasikia abiria wanazungumza, ukaniuliza kwa sauti gari zima likasikia: "Baba, hii ndiyo ng'ambo? Mbona wanasema Kiswahili?" Ulikuwa umenuna kweli. Nadhani ulitarajia Kizungu.

Kwa shangazi yako tulifika na viroba viwili vya machungwa ya Muheza, maana Juni ndiyo msimu wake na kule yanapendwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hoteli yetu tuliyolipa. Tulilala wote watano chumba kimoja, kwenye mikeka. Siku ya tatu, bila kuambiwa, mama yako aliamka alfajiri akakanda unga wa mahamri ya nyumba nzima, nami nikatengeneza baiskeli mbili za mashemeji zilizokuwa zimeegeshwa uani tangu lini sijui. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na afadhali ulichukue mwenyewe kabla hujapewa.

Sasa feri. Watu wa Likoni wakisema wanakwenda ng'ambo, wana maana ya kuvuka maji tu kuingia kisiwani Mombasa. Shangazi yako aliposema asubuhi "leo nawapeleka ng'ambo," ukaruka ukidhani sasa ndiyo tunakwenda ng'ambo yenyewe. Na feri ile mtu wa miguu halipi. Bure kabisa, zamani na hata leo. Gari ndiyo inalipa. Mlipojua hilo mlishikwa na wazimu. Tulivuka, mkaomba turudi. Tukarudi, mkaomba tuvuke tena. Mara tano siku ile. Lango la chuma linashuka kwa kishindo, umati unamwagika, wenye vikapu vya kuku, wenye baiskeli wanasukuma, na wewe umeshika chuma cha pembeni unatazama meli kubwa inaingia Kilindini, nguo imelowa mate ya bahari. Mdogo wenu alikuwa anawapungia mkono mabaharia. Nilikaa nikajiambia hawa watoto wanafurahi na sijatoa hata senti.

Hapo siwezi kukuonyesha picha kama mwenzako wa kazini, kwa sababu kamera hatukuwa nayo.

Siku ya Jumatano tulikwenda Ngome ya Yesu, ile Wareno walianza kuijenga 1593. Viingilio vya wote vingetumaliza, nikasema ingieni na mama yenu, mimi ngome nimeshaziona. Sijawahi kuona ngome maishani. Nikakaa nje kivulini. Mara akapita hamali na mkokoteni wa madumu ya maji, tairi limelala, anatukana dunia. Unajua mimi sisafiri bila viraka na solusheni. Nikamzibia palepale, nikajaza upepo kwa pampu ya kuazima, akanipa 100. Ndizo mlizokula viazi karai na ukwaju, pale mlipotoka mnasema mizinga ni mikubwa. Nikasema mimi sili, nimefunga sunna. Wewe ukanitazama, ukasema: "Baba, sunna si Jumatatu na Alhamisi? Leo Jumatano." Na msafiri wala halazimiki kufunga. Ulikuwa mtoto mwenye masomo sana wewe.

Basi hiyo ndiyo enzi yangu ya hela.

Sasa tuje kwako. Dubai sijafika, siwezi kuisema vibaya; wakifika wajukuu zangu nitafurahi na nitawaomba tende. Lakini Mtanzania anahitaji viza, tiketi ni za watu wanne, na Desemba kila mwenye watoto anasafiri. Hao wa marejesho kila Ijumaa hapa mtaani tunawaita kausha damu. Nimeona mlango wa kibanda jirani yangu ukibebwa. Mlango, mwanangu, si friji. Mwenzako wa kazini huenda analipiwa, huenda ana shamba, huenda na yeye ana Ijumaa zake asizozipiga picha.

Kama ni nje ya nchi, anza na karatasi, kwa sababu ndizo zinazokula hela kabla hujafunga begi. Pasi ya kusafiria ni 150,000 kila mmoja, nyinyi wanne ni 600,000. Usiilipe mara moja. Kata moja moja, anza na yako. Kwenda Kenya tu, Uhamiaji wanatoa pia hati ya dharura ya safari, nayo ni nafuu zaidi. Ndiyo aina tuliyotumia sisi, zile zenye picha mliyopigwa na nguo za Idd. Cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu mdogo umeshakichukua RITA, kwa wale wa vizazi na vifo? Mwaka jana ulisema bado. Hicho kifuate wiki hii, hata kama safari haipo.

Halafu chanjo ya homa ya manjano. Chanjeni angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 kadi ile haiishi muda, ni ya maisha, kwa hiyo ni gharama ya mara moja. Usimsikilize anayekuuzia kadi bila sindano. Yuko kila mahali, hata huku.

Njia yenyewe siku hizi ni raha: lami hadi Horohoro, na pale mpakani wa pande mbili wanakaa kituo kimoja, mnahudumiwa mara moja mnakwenda. Vijana wa noti bado wapo. Wewe tuma hela kwa simu kwa shangazi yako kabla hujavuka. M-Pesa ya huku na ya Kenya zinaingiliana tangu 2015. Ubaki na ya nauli tu.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Watoto wakifunga shule mwezi wa sita mwakani, leta familia huku. Mkae wiki moja kwetu, wajukuu wakaoge Raskazone, wajifunze baiskeli, chakula hamnunui. Kisha mvuke siku nne kwa shangazi, ana vyumba vitatu sasa na anauliza habari zenu kila Ijumaa (Ijumaa yake haina riba). Machungwa nitayaandaa mimi. Ngome mtaingia wote, pamoja na mkwe wangu, maana kiingilio cha sisi wa Afrika Mashariki si sawa na cha Mzungu. Na wewe utalipia wa kwangu, kwa sababu nataka kuiona hiyo mizinga.

Kopo la maziwa ya unga lipo. Lilikuwa linashika misumari, nimelimwaga. Tangu Jumatatu lina pancha nne, na waya nimeufunga upya, wa chuma kinene zaidi kwa vile tamaa haizeeki. Wewe nawe tafuta lako huko, na mkwe asijue lilipo.

Mama yako anasema usilete zawadi ya chochote ila dawa ya kuchua.

Na jambo moja nijibu haraka. Yule mdogo ana miaka mitatu ya kweli, lakini picha uliyotuma naona anawavuta kina baba yake, mguu mrefu. Pima, uniambie anafika wapi akikaa. Makondakta wa siku hizi hawatazami uso, wanatazama miguu.

Ni mimi, baba yako.