Alininyima senti kumi Roma, kisha akatuma euro mia nne Morogoro

Anti, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Tanga. Naishi Berlin na mume wangu, ambaye yuko hapa kwa masomo ya uzamivu. Ndoa yetu ina miaka 5, mtoto bado hatujajaliwa. Mimi nafua na kukunja mashuka kwenye hoteli moja, yeye anapata posho ya masomo. Tunakula, tunalipa kodi ya nyumba, tunaishi. Silalamikii hayo. Kinachonikosesha usingizi ni safari tuliyofanya Novemba iliyopita kwenda Roma.

Hatukuwahi kwenda fungate. Tulipooana hela yote iliishia kwenye ukumbi na mchele. Nilipopata kazi huku nikaanza kudunduliza kwenye kopo la maziwa, na baada ya mwaka na nusu nikawa na euro 900. Nikamwambia mume wangu twende Roma, walau na sisi tuseme tulikwenda mahali. Alifurahi sana. Akasema twende kama vijana wa huku, begi mgongoni, tusile hela kwa ujinga, na kitakachobaki kitatusaidia. Hilo neno "kitakachobaki" lilinipita tu, Anti. Ningeuliza siku ileile kitamsaidia nani.

Nauli ya ndege kwenda na kurudi kwa watu wawili ilikuwa euro 130, kwa sharti kwamba kila mtu abebe begi dogo linaloingia chini ya kiti. Alilipima langu kwa tepu ya fundi cherehani, akalikandamiza, akalipima tena. Nguo za siku nne nikazivaa mwilini. Kila senti aliiandika kwenye daftari dogo la mistari analoweka mfuko wa shati.

Malazi alitafuta yeye: hosteli karibu na Termini, stesheni kuu ya treni. Nilijua tunalala dabo deka kwenye chumba cha watu wanane. Sikujua kwamba chumba ni cha mchanganyiko. Tulifika saa nne usiku, nafungua mlango, nakutana na kijana kifua wazi anapiga mswaki. Mimi ni mtu wa mtandio, Anti. Nilirudi kusimama koridoni mpaka mume wangu akaja kunieleza kwamba vitanda vya chumba cha wanawake vilizidi bei kwa euro sita kwa usiku, na isitoshe tungelala mbalimbali. Ningefanya nini saa hizo? Nikatoa kanga begini, nikaichomeka chini ya godoro la juu ikaning'inia kama chandarua. Nilipokwisha kujilaza ndipo nikakumbuka kwamba nimeigeuza, na maandishi yanawatazama wale vijana sita: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nilicheka peke yangu gizani, hasira zikapungua.

Niseme ukweli, mchana ubahili wake mara nyingine ulikuwa na maana. Tarehe alizichagua makusudi, tuwe kule Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa sababu siku hiyo majumba ya makumbusho ya serikali ya Italia huingiwa bure. Kwa hiyo Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo, ambao siku nyingine kiingilio chake ni euro 18, tuliingia bila kutoa kitu, ingawa foleni ilitutoa jasho kwenye baridi. Kuta zake zimejaa matundu kama zimepigwa risasi. Kumbe mawe yalikuwa yameshikanishwa kwa vyuma, na watu wa karne za baadaye wakavichomoa wakaenda kuvitumia kwingine. Nje tulikutana na kaka mmoja Mwafrika anauza bangili za nyuzi, akaniita "Hakuna matata, sista!" Nikamjibu, "Hujambo kaka, watokea wapi?" Akabaki ananitolea macho. Kiswahili chake kilikuwa kimeishia pale.

Mchana tukaingia Pantheon, hekalu la kale la Warumi. Lile paa lake ni kuba la zege lisilo na nondo hata moja, lina karibu miaka 1,900, na katikati lina tundu la upana unaokaribia mita tisa, halina kioo wala kifuniko. Mvua ilikuwa inanyesha humo ndani, inaanguka katikati ya sakafu iliyofungwa kamba, inaingia kwenye vijitundu kwenye marumaru. Tulisimama pale muda mrefu, mume wangu amenishika mkono. Siku hiyo nilimpenda, sitaki nionekane natunga.

Maji hatukununua hata chupa moja. Roma ina mabomba ya chuma barabarani, kiasi cha 2,500, wenyewe wanayaita nasoni, yaani mapua makubwa, kwa jinsi mfereji ulivyojipinda. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka kupitia kitundu cha juu, unakunywa bila kikombe. Tulitembea kwa miguu mpaka Basilika la Mtakatifu Petro, karibu kilomita nne, wakati tiketi ya basi ni euro moja na nusu. Kahawa tulikunywa tumesimama kaunta kama wenyeji, kwa sababu ukikaa mezani bei inapanda. Mara moja miguu iliniwaka nikavuta kiti. Aliniinua kwa kiwiko mbele ya wahudumu. Na chakula cha jioni? Kule nyuma ya Termini kuna soko la Esquilino, wanauza mihogo, bamia, ndizi za kupika, binzari za kila aina. Nimepanda ndege mpaka Roma kwenda kupika bamia kwenye jiko la hosteli.

Yote hayo niliyameza. Lililonikwama ni la chemchemi ya Trevi.

Unajua watu wanavyofanya pale: unayapa maji mgongo, unarusha sarafu kwa mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, wanasema ukirusha utarudi Roma. Nilimwomba senti kumi. Senti kumi, Anti! Akasema hela haitupwi majini. Nikamwambia hizi hazipotei, huwa zinaopolewa na kupewa Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, kwa ajili ya maskini. Akanijibu, "Maskini ni sisi." Nikanyamaza. Nikamwambia basi nipige picha. Nikavua begi nikaliweka pembeni lisionekane, nikajifunga mtandio wangu wa kijani, nikatabasamu. Jioni nikaiweka status: "Fungate limechelewa, lakini limefika."

Jumatatu jioni, siku yetu ya mwisho, tulikuwa darajani Ponte Sisto tunakula kipande cha pizza, zile wanazokata kwa mkasi na kukupimia kwenye mizani. Simu yangu ikalia, ujumbe wa sauti kutoka kwa mdogo wake mume wangu, yuko Morogoro. Nikaufungua bila kuwaza. "Shemeji, milioni na ushee nimeipata, Mungu awazidishie. Mwambie kaka kianzio cha bodaboda nimeshalipa. Endeleeni kula bata huko Roma, na sisi siku moja tutafika."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anatazama mto.

Sikupiga kelele, watu walikuwa wengi. Nikamwomba daftari. Safari nzima, nauli, vitanda, kodi ya mji wanayotoza kila mgeni kwa kila usiku, basi la uwanja wa ndege na chakula: euro 488. Kati ya zile 900 za kopo langu zilibaki 412. Alikuwa ametuma 400 asubuhi ile, mimi nikiwa bafuni. Daftarini hakuziandika. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekwambia ungekataa." Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijapata jibu lake: "Picha uliweka wewe. Aliiona akaniomba. Ningemwambia sina, nikiwa nimesimama Roma?"

Na hapo, Anti, ana hoja. Watu wa nyumbani wanajua mtu akitaka kuja Ulaya kutoka Dar viza peke yake ni euro 90 ambazo ukinyimwa hurudishiwi, na bado bima, na taarifa za benki. Mtu akionekana Roma, kwao huyo ana hela za kuchezea. Hawajui kwamba sisi tukiwa na kibali cha kuishi Ujerumani tunapanda ndege ya bei chee tu kama anayetoka Tanga kwenda Moshi. Wala sikuwaonyesha dabo deka, wala kanga inayoning'inia, wala bamia. Nilichagua picha moja kati ya mia mbili na kitu.

Huyo mdogo wake si mtu mbaya. Baba yao alifariki akiwa darasa la tatu, mume wangu ndiye aliyemlipia ada mpaka akamaliza. Angeniambia tumpe 200, ningetoa. Huenda ningetoa hata zote, kwa kununa kidogo. Ninachoumia ni kwamba nilisimama koridoni usiku ule kuokoa euro sita, kumbe sikuwa naokolea nyumba yangu.

Kurudi Berlin ndege ilitupanga viti mbalimbali, maana kuchagua kiti kunalipiwa. Safari hiyo nilishukuru.

Sasa ni miezi miwili. Tunaongea ya chumvi na ya kodi ya nyumba, basi. Juzi mama mkwe naye kauliza kwa upole kama bati za jikoni zinaweza kupatikana, "maana nasikia mambo yenu si haba." Mume wangu aliniangalia, nikageuza uso.

Nikuambie na hili, kwa kuwa hunijui. Kila mwezi, kabla sijatia chochote kwenye kopo, namtumia mama yangu Tanga euro 50. Mume wangu hajui. Nilianza mama alipougua miguu, nikasema ni kwa miezi mitatu tu, sasa ni mwaka wa pili. Huwa namwambia mshahara wangu ni pungufu kidogo ya ulivyo. Kwa hiyo nikitaka kumkaripia kwa zile 400, kuna sauti ndani yangu inapiga hesabu, nayo ikizidisha 50 mara miezi yote hiyo inapata zaidi ya 400.

Rafiki yangu mmoja hapa anasema nikae kimya na la mama, nidai langu, kwa sababu hela ya kopo ilikuwa na kazi yake na ile ya mama imetoka kwenye jasho langu. Mwingine anasema hilo ni kosa lilelile limevaa gauni. Mimi sijui.

Jana usiku mume wangu amekuja na simu, amekaa ukingoni mwa kitanda, kwa sauti ya mtu anayetafuta suluhu. Amepata nauli ya Lisbon mwezi wa nne, euro 118 watu wawili. Safari hii, anasema, chumba chenye mlango, chetu peke yetu, na daftari nitashika mimi. Nilitaka kucheka na kulia. Nikamwambia nitafikiri.

Nishauri, Anti. Nianze mimi, nimwambie la mama kabla sijapokea hilo daftari? Au nikubali safari kwanza, nimwambie tukiwa huko, mbali na simu za watu? Na ndugu wa pande zote mbili, wataambiwaje kwamba tunasafiri bila kuonekana tumewaficha utajiri ambao hatuna?

Anasema bei ya tiketi inapanda Ijumaa.

Mke wa Mwenye Daftari,
Berlin