Mtaji wa wanawake usiishie kwenye vikundi

Ndugu Mhariri,

Sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Mama lishe wengi wamesimama kwa fedha hizo. Lakini hutolewa kwa vikundi, tena ni deni. Mwenye kampuni ya kukausha matunda, anayetaka mashine kubwa na muda kabla ya kuona faida, aende wapi? Benki inataka hati ya nyumba, na hati mara nyingi ina jina la mume.

Wapo wawekezaji wanaonunua hisa, yaani wanaotoa mtaji kwa kupewa sehemu ya kampuni badala ya kukopesha. Nilipokwenda kwao niliulizwa kama mume wangu ana habari, kisha nani atabaki na watoto nikisafiri. Kijana wa kiume aliyenitangulia aliulizwa habari za soko la nje. Hesabu zangu na cheti cha ubora cha Shirika la Viwango (TBS) havikuguswa. (Hata maji sikupewa, ila hilo nimesamehe.)

Mifuko ya umma nayo inunue hisa katika kampuni za wanawake, na wawekezaji watangaze kila mwaka wametoa kiasi gani kwa nani.

Mkausha maembe,
Morogoro